Nilipaza Sauti, Moyo Ukabaki Nyuma

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiongoza kusifu na kuabudu katika kanisa letu dogo hapa Kilifi. Najua wimbo upi huinua mikono ya watu na upi huwatoa machozi. Najua pia, wala silisemi kwa fahari, kuimba wimbo mzima nikiwa nimefumba macho huku nikiwaza bei ya mabati.

Jumapili moja kaka yangu mkubwa aliingia akaketi benchi la nyuma. Tulikuwa hatusemezani karibu mwaka mzima kwa ajili ya minazi ya marehemu baba: nani aangue, nani auze. Nilipomwona nilizidi kupaza sauti. Baada ya ibada watu wakanishika mkono wakaniambia upako wa siku hiyo haukuwa wa kawaida. Nilirudi nyumbani nimefadhaika.

Ndugu msomaji, tunapenda kusema mtu ameabudu kwa moyo kwa sababu amelia au ameruka. Lakini liangalie neno lenyewe. Ibada na kuabudu yametoka kwenye Kiarabu, mzizi mmoja na jina Abdalla tunalolisikia kila siku hapa Pwani, yaani mtumwa wa Mungu. Katika Kigiriki cha Agano Jipya, neno linalotumika sana lina maana ya kusujudu. Yote mawili yanaonyesha mtu aliyejiweka chini ya mwingine. Machozi yanaweza kuja au yasije.

Sina ugomvi na ngoma wala spika. Zaburi ya 150 yenyewe inaita matoazi. Ila nabii Isaya, sura ya 29, analalamikia watu ambao midomo iko karibu na Mungu na moyo uko mbali, na Yesu aliyarudia malalamiko hayo kwa Mafarisayo.

Msomo unaotajwa zaidi ni Yohana 4, pale Yesu anapozungumza na mwanamke Msamaria kisimani kuhusu kuabudu katika roho na kweli. Mwanamke aliuliza mahali: mlima huu au Yerusalemu? Tunasahau kilichotangulia. Kabla ya swali hilo, Yesu alikuwa ameshamgusia habari za waume zake. Maisha yake yalikuwa wazi mbele ya Bwana kabla mazungumzo ya ibada hayajaanza. Mimi nilikuwa nataka kuyaanza na minazi imefichwa.

Lakini andiko lililonishika ni Mathayo 5, mstari wa 23 na 24: ukiwa madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, ukapatane naye kwanza. Miaka yote nililisoma kinyume, kana kwamba linasema ikiwa mimi nina neno juu yake. Makosa ya kaka nilikuwa nimeyahesabu yote. Yangu sikuwa nimeanza. Tena Yesu aliyasema hayo Galilaya, na madhabahu ilikuwa Yerusalemu, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Mtu aiache sadaka, arudi kwao, apatane, kisha aende tena! Waliomsikia walielewa uzito wake.

Kwangu haikuwa mbali hivyo. Jumamosi iliyofuata nilitembea dakika ishirini hadi kwa kaka. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yakaniishia mlangoni. Nikamwambia tu kwamba niliuza nazi za Desemba bila kumwambia, na fedha nilizila peke yangu. Alinyamaza kitambo, kisha akamwita mkewe alete chai.

Minazi bado hatujagawana, na huenda tukazozana tena. Jumapili iliyofuata sauti yangu ilikuwa imekauka kwa mafua. Hakuna aliyenisifu. Kaka alikuwa benchi la tatu, akiimba wimbo nje ya ufunguo kama kawaida yake.