Kitochi na Simu Janja: Mfumo wa KaiOS Mbele ya Android na iOS

Kila simu ya kisasa ni kompyuta ndogo, na kila kompyuta huhitaji msimamizi. Msimamizi huyo huitwa mfumo wa uendeshaji, yaani ile programu kuu inayozigawia programu nyingine zamu za kazi, nafasi katika kumbukumbu, na matumizi ya skrini, betri na mtandao.

Mifumo miwili imekwisha kuota mizizi duniani. iOS ya kampuni ya Apple ilitoka pamoja na iPhone ya kwanza mwaka 2007, nayo hutumika katika simu za kampuni hiyo peke yake. Android, inayoendelezwa na Google, iliingia sokoni mwaka 2008, nayo hutumiwa na watengenezaji wengi. Yote miwili ilikusudiwa simu za kugusa skrini, na kadiri miaka ipitavyo mahitaji yake huongezeka. Hata Android 13 ya mwaka 2022, katika toleo lililopunguzwa kwa ajili ya simu za bei nafuu, ilidai kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 2.

Mfumo wa KaiOS, uliotokea mwaka 2017, ulifuata njia nyingine. Asili yake ni Firefox OS, mfumo wa Mozilla ambao msimbo wake ulikuwa huria. Hivyo Mozilla ilipouacha, wengine waliweza kuuendeleza. KaiOS ulikusudiwa simu za vitufe, nao huweza kufanya kazi kwa kumbukumbu ya megabaiti 256 tu, yaani sehemu moja ya nane ya gigabaiti 2. Nchini Tanzania ulijulikana mwaka 2019, Vodacom ilipoleta simu iitwayo Smart Kitochi.

Je, uchache huo wa kumbukumbu huwezekanaje? Chini kabisa KaiOS una kiini cha Linux, kama Android. Tofauti imo juu ya kiini hicho: programu za KaiOS huandikwa kwa lugha zile zile zitumikazo kutengeneza kurasa za tovuti, na injini ya kivinjari ndiyo inayoziendesha. Aidha, skrini ndogo ina nukta chache za kuchora. Hata hivyo, unafuu huo una gharama yake: michezo mizito na kazi za picha haziufai mfumo huu.

Lakini mfumo hauishi kwa wepesi wake tu. Huishi kwa programu zake. WhatsApp iliruhusiwa kupakuliwa kwa wingi katika simu za KaiOS mwaka 2019, na mwaka 2024 ruhusa hiyo ikakoma. Simu haikuharibika, ila manufaa yake yalipungua mikononi mwa mwenyewe. Hapa pana mzunguko: waandishi wa programu hufuata penye watumiaji wengi, na watumiaji hufuata penye programu nyingi. Ndiyo sababu mifumo mikongwe huzidi kupata nguvu, na mgeni hupata taabu hata akiwa na ubora wake.

Basi, mwanafunzi alinganishapo simu mbili asiulize bei peke yake. Na aulize pia: mfumo huu wahitaji kumbukumbu kiasi gani? Nani anauandikia programu? Na je, ataendelea kuuandikia kwa muda gani? Maswali hayo matatu yanafaa kujadiliwa darasani, kwani jamaa nyingi hununua simu moja kwa miaka mingi.