Ufahamu: Utangulizi kwa Mwalimu Anayeandaa Watahiniwa wa Swima

Kila mwalimu wa Fizi anamjua mtoto huyu. Akiitwa mbele ya darasa husoma kifungu cha Kifaransa kwa sauti ya kujiamini, bila kukwama, mpaka nukta ya mwisho. Ukimwuliza kifungu kimesema nini, anakutazama tu. Siku ya mtihani ataweka alama kwenye jibu lenye neno aliloliona katika kifungu, na atakosa. Taaluma ninayokukaribisha ndani yake inahangaika na mtoto huyo: kati ya kutamka na kuelewa kumepungua nini, na mwalimu afanye nini kabla mtihani haujafika?

Swima inalionyesha swali hili waziwazi. Iko katika eneo la Fizi, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye barabara ya taifa namba 5 inayotoka Uvira kwenda Baraka. Watoto wengi wa hapa huongea Kibembe au Kifuliiru nyumbani, Kiswahili sokoni na kanisani, na Kifaransa hukikuta shuleni. Mpango wa masomo unataka madarasa mawili ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya taifa, ambayo huku mashariki ni Kiswahili, na sheria ya elimu ya Februari 2014 inazipa lugha za taifa nafasi hiyo. Lakini mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ENAFEP, ambao wazazi wengi bado wanauita TENAFEP, huja kwa Kifaransa. Vivyo hivyo Exetat, mtihani wa Serikali ulioanzishwa mwaka 1967, ambao ndio mlango wa chuo kikuu. Na tangu Septemba 2019, shule ya msingi ya umma ilipotangazwa kuwa bure, madarasa yamejaa. Kwa hiyo tunazungumzia mwalimu mmoja, kitabu kimoja, na watoto wengi sana mbele yake.

Mtihani wa kuchagua jibu una umri wa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1914 na 1915, Frederick Kelly alitunga huko Kansas, Marekani, mtihani wa kusoma kimyakimya ambao majibu yake yangeweza kusahihishwa haraka na kwa namna moja na mtu yeyote. Alitaka kuondoa upendeleo wa msahihishaji, na hilo ni jambo jema. Hasara yake ni kwamba karatasi inapokea alama ya mtoto bila kuuliza ameifikiaje.

Aliyeuliza mtoto amelifikiaje jibu lake ni Edward Thorndike, mwaka 1917. Aliwapa watoto aya fupi iliyoeleza sheria ya mahudhurio ya shule: mtoto wa umri fulani lazima aende shuleni, isipokuwa akiugua sana, au nyumbani kwake kuna ugonjwa wa kuambukiza, au barabara hazipitiki. Kisha akauliza maswali rahisi na kuyachambua majibu yaliyokosewa. Aliona kwamba kujua maneno pekee hakukuwatosha watoto. Walichoshindwa ni kuyapima: neno moja lilipewa uzito mkubwa mno, jingine likasahauliwa, na sehemu za sentensi hazikuunganishwa inavyopasa. Akahitimisha kwamba kusoma ni kufikiri. Mimi huwapa walimu aya ya namna hiyo kila ninapoanza somo hili, kwa sababu mtoto aliyewahi kuona magari yamekwama njia ya Baraka wakati wa mvua hahitaji kueleweshwa barabara isiyopitika ni nini. Akikosea, basi amekosea kwenye muungano wa mawazo, na hapo ndipo kazi yetu ilipo.

Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walilieleza jambo lote kwa hesabu fupi. Ufahamu, walisema, ni uwezo wa kufumbua maandishi ukizidishwa na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe ikisemwa. Wamezidisha, hawakujumlisha. Mtoto mwenye sifuri upande mmoja anapata sifuri, hata upande wa pili ukijaa. Hesabu hiyo inamweleza yule msomaji wetu hodari: kufumbua anako, Kifaransa hana. Pia inatueleza nguvu ya Kiswahili katika madarasa ya mwanzo. Maandishi ya Kiswahili hutamkwa karibu kama yalivyoandikwa, hivyo mtoto aliyefundishwa vizuri huweza kufumbua ukurasa mapema, na akishaufumbua anaelewa, maana lugha anayo tayari. Kifaransa kina herufi nyingi zinazoandikwa bila kutamkwa. Anayeanza nacho hupigana na maandishi na lugha kwa wakati mmoja, na wengi hushindwa vita vyote viwili.

Kuna kitu cha tatu, nacho ni ujuzi wa mambo yenyewe. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa watoto habari ya mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu waliojua mchezo huo waliikumbuka na kuieleza habari vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua. Tutunge sasa kifungu chetu:

Usiku ule wavuvi hawakutoka, ingawa ziwa lilikuwa shwari na taa zilikuwa na mafuta. Mwezi ulikuwa mpevu. Asubuhi bei ya ndagala sokoni ilipanda.

Swali: kwa nini wavuvi hawakutoka? Majibu ni manne. Ziwa lilichafuka. Mafuta ya taa yaliisha. Mbalamwezi ilikuwa kali. Bei ya ndagala ilipanda.

Mtoto wa Swima anachagua la tatu hata kabla hujamaliza kusoma. Anajua kwamba ndagala, yaani dagaa wa ziwa, huvuliwa kwa kuvutwa na taa, na mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa haushindi. Kifungu hakikusema hivyo popote. Msomaji ameuleta ujuzi huo mwenyewe kutoka nyumbani. Mtoto mwenye akili sawa aliyekulia mbali na ziwa anaweza kukwama hapo. Sasa geuza mambo: kifungu kinazungumzia treni za chini ya ardhi, au theluji, au benki, na mtahiniwa ni wa Swima. Ndiyo maana nasema maandalizi ya mtihani wa kusoma huanza katika somo la jiografia, la sayansi na la historia, miaka kabla ya mtihani. Shule inayofuta masomo hayo ili kupata saa za kurudia maswali ya zamani inajipunguzia alama yenyewe.

Yatazame tena yale majibu matatu yasiyo sahihi, maana hakuna lililowekwa ovyo. La kwanza linapingana na kifungu moja kwa moja. La pili linamnasa aliyeona maneno «taa» na «mafuta» akaruka. La nne ni kweli, limeandikwa, lakini ni tokeo, na swali limeuliza sababu. Mtoto akizoea kueleza kila jibu baya limetegwaje, anakuwa amejifunza namna mtahini anavyofikiri. Kwa hiyo nashauri darasa lisiishie kutaja jibu. Kila anayejibu aoneshe mstari unaomuunga mkono, na mwenzake aseme kwa nini jibu jingine limeanguka. Baadaye wape wao kazi ya kutunga maswali na mitego. Ubao na chaki vinatosha kwa yote hayo.

Annemarie Palincsar na Ann Brown, katika utafiti wao wa mwaka 1984, walifundisha vikundi vidogo mambo manne ya kufanya kila baada ya aya: kufupisha, kuuliza, kufafanua pagumu, na kubashiri kitakachofuata, wanafunzi wakipokezana nafasi ya mwalimu. Njia hii inafaa darasa lililojaa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu mazungumzo yanagawanyika katika vikundi. Je, wazungumze lugha gani? Hapa natofautiana na walimu wengi ninaowaheshimu, wanaoona kila dakika ya Kiswahili ni dakika iliyoibiwa Kifaransa. Kifungu kibaki Kifaransa, lakini mjadala uruhusiwe kuwa Kiswahili, kisha darasa lirudi kuunda jibu kwa Kifaransa. Mtoto anayekatazwa lugha anayofikiria nayo hanyamazi ili ajifunze Kifaransa, ananyamaza tu.

Maswali ya mitihani iliyopita yana nafasi yake, na nafasi hiyo ni wiki za mwisho. Yanamzoesha mtahiniwa sura ya karatasi, matumizi ya saa, na yale maswali yanayouliza lipi si kweli au yote isipokuwa lipi, ambayo huwaangusha hata waliofahamu kifungu vizuri. Zaidi ya hapo hayafundishi kitu. Majibu yanayozunguka kwenye simu usiku wa kuamkia mtihani ndiyo mabaya kuliko yote, kwa kuwa yanamfundisha kijana kwamba karatasi haina haja ya kusomwa.

Pwani hii ya ziwa ina wanafunzi ambao vitabu vya taaluma huwataja kwa nadra. Wapo waliorudi kutoka kambi za Kigoma, kama Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996. Wapo watoto wa Burundi, ambao kambi ya Lusenda, kusini mwa Swima, iliwapokea kuanzia mwaka 2015, na ambao walikuja na Kirundi. Wapo waliopoteza mwaka mzima au zaidi kwa sababu ya kukimbia vita. Darasa la sita moja linaweza kuwa na mtoto aliye tayari kwa mtihani na mwingine ambaye bado anaunganisha silabi. Kuwapa wote zoezi moja ni kumwacha mmoja wao.

Kwa hiyo anza kwa kumsikiliza kila mmoja peke yake. Huko Tanzania, Kenya na Uganda, mradi wa Uwezo ulioanzishwa mwaka 2009 uliwatuma watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba wakiwa na karatasi nyepesi: herufi, maneno, aya, na hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Mtoto alisoma mpaka alipofika mwisho wa uwezo wake. Mwalimu wa Swima anaweza kufanya hivyo kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, dakika chache kwa kila mtoto, akitenganisha mambo matatu katika daftari lake: anafumbua? Anaelewa akisomewa? Anaijua habari yenyewe? Asiyefumbua arudishiwe silabi bila aibu. Anayefumbua bila kuelewa akisomewa anahitaji Kifaransa cha kusikia na kusema kila siku. Anayeweza vyote viwili apewe vifungu vya mambo asiyoyajua.

Ukishakuwa na daftari hilo utakutana na swali ambalo wewe una nafasi ya kulichunguza kuliko mtafiti wa mbali. Mtoto wa Kibembe akijifunza kutafuta sababu na tokeo katika hadithi ya Kiswahili, ustadi huo unamfuata kwenye Kifaransa kwa kiasi gani, na baada ya muda gani? Andika tarehe, kifungu ulichotumia, na maneno ya mtoto kama alivyoyasema, makosa yake yakiwemo, mwaka hadi mwaka. Thorndike naye alianza na majibu ya watoto yaliyokosewa.