Asiyesikia la Mkuu Huvunjika Guu. Je, Mkuu Asiyesikia?

Wahenga walinena kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hii ni methali ambayo kila mwalimu ameifundisha na kila mwanafunzi ameitungia sentensi. Lakini wahenga hao hao hawakutuambia ni nini kinachompata mkuu asiyesikia la wadogo wake. Leo ningependa, ndugu msomaji, tulitazame suala hilo kwa makini, kwa kuwa linahusu vyuo vyetu, na vyuo ndivyo tanuri ambamo walimu wa watoto wetu huokwa.

Nilipokuwa mkufunzi kijana katika chuo kimoja cha walimu, ambacho sitakitaja jina, tulikuwa na desturi ya kukutana na mkuu wetu kila mwanzo wa muhula. Mkuu alisoma maagizo yake kuanzia la kwanza hadi la mwisho, kisha akavua miwani na kuuliza: "Kuna swali?" Ukumbi ulikuwa kimya kama kaburi. Hakuna aliyenyanyua kidole. Tulitoka nje kwa adabu, na tulipofika chini ya mwarobaini uliokuwa nyuma ya maktaba, ndimi zilifunguka. Kila mmoja alikuwa na malalamiko: vitabu havinunuliwi, wakufunzi wanahamishwa kwa chuki, fedha za chakula cha wanafunzi hazijulikani zinakokwenda.

Mikutano yetu ya kweli, basi, ilifanyika chini ya mwarobaini. Muhula mmoja wanafunzi waligoma, vioo vikavunjwa, chuo kikafungwa. Mkuu alitushutumu kwamba tuliwachochea. Haikuwa kweli. Kosa letu lilikuwa jingine, na labda lilikuwa kubwa zaidi: tulijua yote yaliyokuwa yakitokota, na tulinyamaza.

Kwa nini watu wazima, wenye shahada na diploma, wanyamaze mbele ya mtu mmoja? Jibu limo katika historia yetu. Tangu Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kujitegemea mwaka wa 1970, Rais wa nchi ndiye aliyekuwa Chansela wake. Vyuo vikuu vingine vya umma vilipofuata, Rais alikuwa Chansela wa vyote, na yeye ndiye aliyewateua manaibu wa Chansela waliosimamia shughuli za kila siku. Katika mpango wa namna hiyo, mhadhiri aliyemkosoa Naibu wa Chansela kuhusu ratiba ya mitihani alionekana kana kwamba amemkosoa Mkuu wa Dola. Ugomvi wa ofisini uligeuzwa kuwa uhaini.

Chama cha wahadhiri kilichokuwapo kilipigwa marufuku mwaka wa 1980. Willy Mutunga, mhadhiri wa sheria aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa chama hicho, aliwekwa kizuizini mwaka wa 1982. Wahadhiri walipojaribu tena mwanzoni mwa miaka ya tisini kusajili chama chao, UASU, serikali ilikataa. Mwezi wa Novemba 1993 walianza mgomo ulioendelea kwa miezi mingi hadi ndani ya mwaka wa 1994. Viongozi wa mgomo huo walifutwa kazi, na wapo waliotolewa katika nyumba za chuo pamoja na jamaa zao. Wanafunzi walipoteza masomo. Fahali walipigana, na nyasi zikaumia.

Na mwisho wake ulikuwa nini? Rais Mwai Kibaki alipoingia madarakani, aliacha cheo cha Chansela na kuwateua watu wengine kukishika. UASU ilisajiliwa mwaka wa 2003. Mwaka huo huo Kilemi Mwiria, mmoja wa viongozi wa mgomo ule, alikuwa Waziri Msaidizi wa Elimu. Naye Mutunga akawa Jaji Mkuu wa Kenya mwaka wa 2011. Nchi iliwafukuza watu hawa kama wachochezi, kisha ikawaita kuja kuisaidia. Hasara yote ile ilikuwa ya bure. Jambo lililokataliwa kwa miaka ishirini na mitatu lilikubaliwa hatimaye, na mbingu hazikuanguka.

Huenda msomaji akadhani kwamba wakuu wasiopendwa ni maradhi ya Afrika pekee. Sivyo. Mwaka wa 2001 Chuo Kikuu cha Harvard, huko Marekani, kilimpata rais mpya, Lawrence Summers, mwanauchumi hodari aliyekuwa ametoka kuwa Waziri wa Fedha wa nchi hiyo. Haukupita muda mrefu kabla hajakosana na maprofesa, akiwamo Cornel West, aliyehamia Princeton mwaka wa 2002. Mwezi wa Januari 2005 Summers alisema katika mkutano mmoja kwamba huenda tofauti za kimaumbile zikawa miongoni mwa sababu za uchache wa wanawake katika ngazi za juu za sayansi. Maneno hayo yalikuwa kiberiti. Kuni zilikuwa zimekwisha kukauka.

Maprofesa wa Kitivo cha Sanaa na Sayansi walikutana tarehe 15 Machi 2005. Walijadiliana, wakapiga kura ya siri: 218 walisema hawana imani na rais wao, 185 walimwunga mkono. Kura hiyo haikuwa na nguvu ya kisheria, kwani mwenye uwezo wa kumwajiri na kumwachisha rais ni bodi ya chuo. Lakini ujumbe ulifika. Tarehe 21 Februari 2006, kura nyingine ikiwa inanukia, Summers alitangaza kwamba angejiuzulu mwishoni mwa mwaka ule wa masomo.

Simtaji Summers ili nimhukumu. Wapo wanaoamini hadi leo kwamba alionewa, na hata wakati huo wanafunzi wengi hawakutaka aondoke. Ninachotaka tukione ni namna ugomvi wenyewe ulivyoendeshwa. Waliompinga walihesabiwa, na waliomtetea walihesabiwa vilevile. Hapakuvunjwa kioo, hapakufungwa darasa, wala hakuna mhadhiri aliyetupiwa magodoro nje kwa ajili ya kura yake. Sisi tulikuwa na njia mbili tu: kunung'unika chini ya mti au kugoma. Wao walikuwa na njia ya tatu.

Najua hoja ya wapinzani wangu, nami siidharau. Watauliza: je, wahadhiri ni malaika? La hasha! Wapo wanaomchukia mkuu kwa sababu tu amewataka waingie darasani kwa wakati. Wapo wanaompinga kwa kuwa hakuzaliwa kijijini kwao. Mwaka wa 2016 tuliwaona viongozi wa kisiasa wakiandamana katika Chuo Kikuu cha Moi, wakidai kwamba usukani wa chuo upewe mwana wa eneo hilo. Kama upinzani ndio huo, heri kimya.

Lakini hoja hiyo, ikichunguzwa, inaniunga mkono. Penye utaratibu wa kusema, mwenye chuki binafsi hubaki peke yake, kwa sababu lazima ataje kosa, alete ushahidi, kisha wenzake wapime. Pasipo na utaratibu, mwenye chuki na mwenye haki hunong'ona chini ya mti mmoja, na hakuna awezaye kuwatenganisha. Hapo ndipo mwanasiasa hupata nafasi ya kuingia na kuwasemea wote.

Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka wa 2012 inampa Naibu wa Chansela muhula wa miaka mitano, ambao waweza kuongezwa mara moja. Napendekeza kwamba katika mwaka wa tatu wa muhula huo, wahadhiri na wafanyakazi wa kila chuo wampime mkuu wao kwa kura ya siri. Matokeo yapelekwe kwa baraza la chuo, na baraza lilazimike kuyajibu kwa maandishi. Kura isiwe ya kumfukuza mtu. Iwe ya kumwonya angali na muda wa kujirekebisha. Vyuo vya walimu navyo vifuate mfano huo, maana mkufunzi aliyezoea kunyamaza atawazaa walimu wa kunyamaza, nao watawafundisha watoto kunyamaza.

Kwa wahadhiri na wakufunzi wenzangu nina neno moja. Tukipewa mlango huo, tuuingie kwa uso wazi. Tutaje matendo, tusitaje makabila. Anayetaka mkuu asikilize lazima awe na jambo linalostahili kusikilizwa.

Nawe mkuu wa chuo unayeyasoma haya, usiuchukulie ukimya wa ukumbi wako kuwa ni heshima. Siku utakapovua miwani na kuuliza, "Kuna swali?" na kusiwe na hata kidole kimoja kinachoinuka, usirudi ofisini ukijipongeza. Tembea hadi nyuma ya maktaba, ukasikilize yanayosemwa chini ya mwarobaini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.