Kazi za Usafiri wa Anga Zifanyikazo Ardhini

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa ni kazi gani aitamaniyo katika usafiri wa anga, aghalabu hujibu kwa neno moja: urubani. Jibu hilo ni la haki, lakini ni finyu. Ndege kubwa ya abiria huendeshwa na marubani wawili; watu waiwezeshao kuruka na kutua salama ni wengi zaidi, na karibu wote hawaondoki ardhini. Makala haya yanawahusu hao.

Tarehe 23 Julai 1983, ndege aina ya Boeing 767 ya shirika la Air Canada ilikuwa ikisafiri kutoka Montreal kwenda Edmonton kupitia Ottawa, ikiwa na watu 69. Vipimo vya mafuta ndani yake vilikuwa vibovu. Kwa hiyo kina cha mafuta tangini kilipimwa kwa kijiti, zikapatikana lita 7,682. Safari ilihitaji kilogramu 22,300. Ili kugeuza lita kuwa kilogramu hapana budi kuzidisha kwa densiti ya mafuta, nayo ilikuwa takriban kilogramu 0.8 kwa lita. Waliokokotoa walitumia 1.77, ambayo ni ratili kwa lita, wakadhani kuwa jawabu ni kilogramu. Ndege za aina hiyo zilikuwa za kwanza katika shirika lile kupimiwa mafuta kwa kilogramu.

Mwalimu anaweza kuitoa hesabu hii darasani kama ilivyo. Kwa 1.77, tangi lilionekana kuwa na "kilogramu" 13,597, hivyo zikaongezwa lita 4,917 tu. Kwa densiti iliyo sahihi zilitakiwa lita zipatazo 20,000. Katikati ya safari injini zote mbili zilizimika kwa kukosa mafuta. Marubani waliiteremsha ndege ikielea bila nguvu hadi uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli, jimbo la Manitoba, na hakuna aliyekufa.

Kisa hiki husimuliwa kwa kuwasifu marubani, nao wanastahili. Mimi hunivutia zaidi ile sehemu ya ardhini. Katika ndege za awali hesabu ya mafuta ilikuwa kazi ya mhandisi aliyesafiri na marubani. Ndege mpya haikuwa na nafasi yake, na jukumu lile halikukabidhiwa waziwazi kwa mtu mwingine aliyefunzwa kulitekeleza. Hesabu yenyewe ni ya kidato cha pili.

Mifano iko karibu pia. Uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kwa kadiri ya asilimia 15 kuliko ile ya Dar es Salaam, ukiachilia mbali tofauti za joto. Katika hewa nyepesi mbawa huinua kidogo na injini husukuma kidogo. Ndege hulazimika kukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa, na ndiyo maana njia ya kurukia ya pale ina zaidi ya kilometa 4. Mchana wa jua kali hali huzidi. Ofisa wa mipango ya safari hukaa ofisini na majedwali yake, akakadiria ni mizigo kiasi gani ipakiwe na mafuta kiasi gani yatiwe. Pengine huamua shehena ibaki, na mwenye shehena hafurahi.

Mwongoza ndege naye hushughulika na umbali. Chini ya futi 29,000 ndege mbili zipishanazo hutengwa kwa futi 1,000, yaani mita 300 hivi. (Katika eneo letu urefu wa kwenda juu bado hupimwa kwa futi, jambo ambalo mwanafunzi wa sayansi hana budi kulivumilia.) Kazi hiyo hudai Kiingereza kilicho wazi, kumbukumbu nzuri na moyo uliotulia, na zamu zake huendelea usiku kucha. Asiyeweza kukesha asiichague. Wapo tena watabiri wa hali ya hewa, na mafundi wa redio na rada.

Ufundi wa ndege hufundishwa katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam. Waongoza ndege hufunzwa katika chuo cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na jirani zetu wana chuo chao Embakasi, Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1954. Kwa kanuni za kimataifa leseni ya fundi hutolewa kuanzia umri wa miaka 18. Ya mwongoza ndege na ya ofisa wa mipango ya safari, miaka 21. Amalizaye kidato cha nne akiwa na miaka 17 bado ana muda wa kusoma fizikia zaidi kabla ya kuomba.