Mkono wa Mwenzetu na Baraza la Magogo



Liko neno moja ambalo wakubwa wa viwandani hawalipendi hata kidogo, nalo ni "mazungumzo". Mfanyakazi akikaa na wenzake dakika ishirini kabla ya zamu huitwa mvivu. Wakikaa mahali pale pale kila siku, huambiwa wanafanya kikundi. Safari hii twataka kuwaeleza habari za mazungumzo ya namna hiyo katika kiwanda kimoja cha chai magharibi ya Uganda, upande wa milima ya Ruwenzori, ambako sisi tunaoandika tunafanya kazi. Jina la kiwanda hatulitaji, wala la mwenzetu aliyeumia. Mwenyewe ameomba iwe hivyo, kwa kuwa shauri lake bado halijamalizika.

Nyuma ya kiwanda hurundikwa magogo ya mkaratusi ambayo huchomwa katika boila ili kupata joto la kukaushia chai. Juu ya magogo hayo ndipo tunapokaa, zamu inayotoka na zamu inayoingia. Wapo watu wa Kigezi, wapo Watoro wenyeji, wapo waliotoka Arua, na wapo waliovuka mpaka zamani kutoka Kongo na Rwanda. Lugha yetu ni Kiswahili, kila mtu kwa namna yake. Mwenyekiti hatuna, wala hatuandiki kumbukumbu za mkutano. Habari ni bei ya sukari, karo za watoto, mpira, nani amejifungua, na mashine ipi leo inalia vibaya. Hiyo ya mwisho, ndugu msomaji, ishike, maana tutairudia.

Wanaofanya kazi mashambani tu huenda hawajaiona mashine ya kusagia majani ya chai. Majani yaliyonyaushwa usiku kucha hupelekwa kwa mkanda hadi kwenye roli mbili za chuma zenye meno madogo makali. Roli hizo huzunguka zikielekeana, moja kwa kasi inayokaribia mara 10 ya mwenzake, na hapo katikati jani hukatwa, hupondwa na kuchanwa kwa mara moja. Nafasi baina ya roli ni ndogo kuliko unene wa kucha. Kwa sababu hiyo juu yake huwekwa kifuniko cha kinga, ili mkono wa mtu usifike pale. Majani yanapokwama mdomoni mwa mashine, desturi ni kuzima umeme, kungoja roli zisimame, kisha kuyatoa kwa kijiti. Lakini msimamizi anapopiga kelele kwamba majani yanaharibika, na kifuniko chenyewe hakipo, mkono ndio huwa kijiti.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka juzi, msimu wa mvua wa Machi, wakati majani yalipokuwa mengi hata malori yakapanga foleni. Mwenzetu alisukuma majani yaliyokwama, roli zikashika ncha za vidole vya mkono wa kulia. Kijana aliyekuwa karibu na swichi alizima umeme kabla hata hatujasikia ukelele. Mkono ukapona, lakini kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vimekwenda, na cha pete kimepondeka.

Hapa tuseme jambo la faida. Baadhi ya watu walikimbilia majivu, wengine wakataka kuweka majani ya chai juu ya kidonda. Mama mmoja wa kundi la wachumaji aliwafukuza wote. Alichukua kitambaa safi, akakandamiza kidonda kwa nguvu bila kuachia, akauinua mkono juu kupita kifua, na hivyo ndivyo alivyosafirishwa mpaka hospitali, ambako alipigwa pia sindano ya pepopunda. Vidole vyenyewe havikuwa vya kushonwa, maana roli hazikati kama panga, husaga. Ila kidole kilichokatwa safi na kisu au msumeno kisitupwe. Kifungeni kwa kitambaa safi kilicholowa maji kidogo, mkitie katika mfuko wa plastiki, na mfuko huo muuweke juu ya barafu au katika maji baridi sana. Kidole chenyewe kisigusane na barafu. Kipelekwe pamoja na mgonjwa.

Siku ya nne nyapara alifika wodini na karatasi. Ilikuwa imekwisha kupigwa taipu. Ilisema kwamba mfanyakazi alichezea mashine kwa uzembe wake mwenyewe, na kwamba hana dai lolote. Aliombwa atie kidole gumba. Gumba la kulia alikuwa nalo bado, limefungwa bendeji, kwa hiyo akaletewa wino kwa ajili ya la kushoto. Mwenzetu hasomi Kiingereza. Alijibu kwamba angengoja watu wake wafike jioni, na hilo ndilo lililomwokoa, kwani watu wake tulifika kweli, kama tulivyofika kila jioni kwa zamu, wawili wawili. Karatasi ilirudi kiwandani haina alama.

Sasa turudi kwenye habari ya mashine inayolia vibaya. Mkubwa mmoja alipodai kwamba kifuniko kilikuwapo siku ya ajali, sisi tulikuwa na jibu, na jibu lenyewe lilitoka kwenye magogo. Fundi alikiondoa kifuniko ili kubadilisha beringi, Ijumaa ya mshahara, wiki mbili kabla ya ajali. Tulikumbuka kwa sababu siku ile jambo hilo lilizungumzwa sana barazani, na mmoja wetu alisema kwa mzaha kwamba mshahara umekuja na kifuniko kimekwenda. Nyapara aliambiwa siku ile, na Jumatatu akaambiwa tena. Watu watano wa zamu mbili walitoa maelezo yao kila mmoja peke yake, na siku zikalingana. Mtu anayekaa kimya hakumbuki ni lini kitu kilitoka mahali pake, bali anayezungumza kila siku ana kalenda kichwani. Kulikuwa na wazee waliosema jirani amemroga mwenzetu. Tukawaambia huyo mchawi tunamjua, amelala stoo ya fundi akingoja beringi.

Fedha za kumsaidia tulichanga, kila mtu kiasi chake siku ya mshahara, na hapo hatuna mengi ya kusimulia. Mmoja alikopa katika mchango akachelewa kurudisha, kama ilivyo kawaida ya michango. Kuni za nyumbani kwake tulipasua, shamba lake la maharage likapaliliwa.

Lililotushinda mwanzoni lilikuwa jingine. Alipotoka hospitali hakuja barazani. Alipita njia ya nyuma ya kambi, mkono umefungwa kanga ya mkewe. Tulidhani ni maumivu, kumbe ni haya. Mtu wa kwetu husalimia kwa mkono wa kulia, na kwenye sahani ya posho na maharage ya watu wanne hula kwa huo huo. Akila kwa kushoto ataonekanaje? Akinyosha mkono usio na vidole, watoto watakimbia. Alimwambia mkewe kwamba afadhali arudi kwao Kigezi akachunge mbuzi.

Hakuna aliyekwenda kumhubiria. Waliokwenda walimkuta kizingitini, na wa kwanza alimshika kifundo cha mkono na kumsalimia hapo, kama tunavyosalimiana shambani mikono inapokuwa na matope. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Basi ikawa ndiyo salamu yake hadi leo. Kuhusu chakula, mama yule wa wachumaji alileta vijiko vinne badala ya kimoja, wote wakala kwa kijiko, na habari ikaishia hapo. Wiki iliyofuata alikuwa juu ya magogo.

Daktari alikuwa amemwonya kwamba vidole vilivyobaki vitakauka kama vijiti asipovifanyisha kazi, na kidonda kilipofunga akamwagiza akamate vitu vidogo vidogo kwa gumba na kidole cha pete, mara nyingi kwa siku. Nani ana subira ya kuokota punje za maharage peke yake nyumbani? Lakini barazani kwetu lipo bao, lile ambalo hapa Uganda huitwa omweso, lenye mashimo 32 na kete 64. Tulimketisha mbele yake. Kanuni ikawa kwamba mkono wa kushoto hauruhusiwi, na kwamba hakuna kumharakisha, hata kengele ya zamu ikikaribia. Mwezi wa kwanza kete zilimwagika, na yeye akatukana kwa Kikiga. Mwezi wa tatu alikuwa anazipanda moja moja bila kutazama. Sasa anatushinda, jambo ambalo baadhi yetu tunaona limezidi mpaka.

Tuingie katika sheria, maana huruma peke yake hailipi karo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2000 inasema fidia hulipwa hata kama ajali ilitokana na uzembe wa mfanyakazi. Kwa hiyo ile karatasi ya wodini ilitaka kumtisha kwa jambo ambalo sheria imekwisha kulijibu. Taarifa ya ajali itolewe kwa mwajiri mapema iwezekanavyo, isipite mwezi mmoja, na mwajiri naye humjulisha Afisa wa Kazi. Hesabu ya kilema cha kudumu husimama juu ya mapato ya miezi 60. Tuseme daktari ameandika asilimia 20: hiyo ni mishahara 12. Kwa hiyo kila asilimia inayoachwa nje ni zaidi ya nusu mshahara inayopotea. Tunzeni stakabadhi za mshahara, kwani hesabu huanzia hapo.

Wenzetu wa nchi jirani wana sheria zao. Kenya inatumia sheria ya mwaka 2007, ambayo hesabu yake ya kilema cha kudumu ni mapato ya miezi 96, na dai lisizidi miezi 12 tangu ajali. Tanzania ilitunga sheria mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi mwaka 2015. Huchangiwa na waajiri, mfanyakazi hakatwi hata senti. Kwa maoni yetu njia hiyo ya mfuko ina nafuu, kwa kuwa aliyeumia hadai mlangoni mwa yule yule aliyemwajiri.

Hapa kwetu, tawi la chama lilimsindikiza mwenzetu mara tatu kwa Afisa wa Kazi wilayani. Mkaguzi alikuja. Kifuniko kimerudi, na sasa kina bolti zisizofunguka kwa mkono mtupu. Mwenzetu amehamishiwa kituo cha kupimia majani, anaandika kilo za wachumaji, kalamu kati ya gumba na kidole cha pete. Wachumaji wanasema mizani yake haina maneno.

Fidia imelipwa kwa vidole viwili. Kidole cha pete hakikuhesabiwa, kwa madai kwamba kipo. Kipo kweli, lakini hakikunjiki zaidi ya nusu, na sisi tunaokaa naye kwenye bao kila siku tunaweza kueleza ni kete zipi humponyoka na kwa nini. Ametakiwa aonwe na daktari wa pili Jumanne ijayo. Zamu ya kumsindikiza ni ya watu wa boila.