Mchu: Mti Unaokunywa Maji ya Bahari na Haukauki

Sukuma wiki ukiimwagia maji ya bahari, inanyauka chap chap. Lakini mchu, ule mkoko wa Gazi kule Kwale, unasimama ndani ya hayo maji, chumvi gramu 35 hivi kwa lita, na majani iko kijani fiti. Inakuaje?

Noma ya chumvi ni mbili. Inazuia mizizi kuvuta maji, so mmea unaskia kiu ukiwa ndani ya maji. Pia sodiamu ikijaa kwa seli, protini zinashindwa kupiga kazi.

Mizizi ya mchu ni kama baunsa wa klabu, inafungia chumvi mingi nje. Ile inapenya inapatana na protini za kwa utando wa seli. SOS1 inasukuma sodiamu nje. NHX inaifungia kwa vakuoli, ile stoo ya seli. Yenye imebaki, majani inaitoa kama jasho. Lamba jani uone.

Ila hizo pampu zinakula nguvu, ndio maana penye chumvi imezidi mchu unabaki mfupi.

Mahindi pia iko na protini za aina hiyo, shida zinalemewa mapema. Kama mathako ananyunyizia shamba maji ya kisima yenye chumvi, hapo ndio mavuno inapotelea.