Wawili Juu ya Pikipiki Moja

Katika mji wa Kisinga, chini ya milima ya Rwenzori wilayani Kasese, pikipiki imekuwa mguu wa pili wa kila nyumba. Ndiyo impelekayo mgonjwa hospitali ya Kagando, ndiyo ibebayo gunia la kahawa, ndiyo imfikishayo mfanyabiashara kwenye soko la Mpondwe. Hata jina la boda boda lilizaliwa mpakani, huko Busia kati ya Uganda na Kenya, katika miaka ya 1960, pale wenye baiskeli walipowavusha wasafiri kutoka kituo cha nchi moja hadi kituo cha nchi ya pili. Kwa hiyo si ajabu leo mume na mke wakikusudia kuitembelea nchi ya jirani kwa pikipiki yao wenyewe.

Lililo ajabu ni kwamba safari ya namna hiyo, inayobeba roho mbili, aghalabu hupangwa na mtu mmoja tu, yaani yule ashikaye usukani. Yule akaaye nyuma huambiwa siku ya kuondoka, akapanda kama apandavyo mfuko wa nguo. Hilo ni kosa la kwanza, na makosa mengine mengi huzaliwa nalo. Wahenga walisema wawili si mmoja. Katika pikipiki neno hilo lina maana mbili: wawili wana uzito wa wawili, na wana haki ya wawili.

NCHI IPI?

Shauri la kwanza ni la kuchagua njia. Kwa mkaazi wa Kisinga nchi ya kigeni iliyo karibu ni Kongo. Mto Lhubiriha peke yake ndio unaoitenganisha Mpondwe na Kasindi, na watu wa pande zote mbili ni ndugu: Wakonzo upande huu, Wanande upande ule, lugha yao ikiwa karibu moja. Moyo huvutwa kwenda kuwaamkia jamaa wa Beni na Butembo.

Lakini moyo si ramani. Mwezi Juni 2019 ugonjwa wa Ebola ulivuka mpaka huo na kuingia wilayani Kasese. Mwezi Januari 2023 bomu liliwaua waumini kanisani huko Kasindi. Usiku wa tarehe 16 Juni mwaka huo huo, waasi wa ADF waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha iliyopo Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Barabara itokayo Kasindi kwenda Beni nayo imeshambuliwa mara kwa mara. Askari ajuaye kazi yake hatampitisha mkewe mahali ambapo yeye mwenyewe angepita kwa ulinzi wa wenzake. Jamaa wa upande wa pili wanaweza kupigiwa simu, na wao wataelewa.

Njia ya pili ni ya Rwanda. Wasafiri hutoka Kisinga hadi Kikorongo, huvuka daraja la Katunguru, hupanda hadi Ishaka, wakapita Ntungamo na Kabale, kisha wakafika mpaka wa Katuna. Kutoka hapo hadi Kigali ni kilometa zipatazo 80. Safari nzima ni zaidi ya kilometa 300, nayo yafaa igawanywe siku mbili, usiku mmoja walale Kabale. Hata hivyo mpaka nao una tabia zake. Mpaka huu wa Katuna ulifungwa Februari 2019, haukufunguliwa tena mpaka tarehe 31 Januari 2022. Hapana budi kuuliza habari za mpaka wiki moja kabla ya safari, na kuuliza tena siku ya kuamkia safari.

HATI ZA WAWILI

Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Rwanda na Kenya wameruhusiwa kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Kila mmoja awe na chake, akichukue mwenyewe mfukoni mwake, wala zisiwekwe zote katika mkoba mmoja unaoweza kupotea. Dereva awe na leseni yenye daraja la pikipiki. Kadi ya pikipiki iwe na jina lake, na kama chombo ni cha mtu mwingine, awe na barua ya mwenye mali. Bima ya kawaida huishia mpakani. Kwa nchi ya pili hutakiwa Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo huulizwa kwa wakala wa bima kabla ya kuondoka. Mpakani chombo huandikishwa kwa maofisa wa forodha, na karatasi watakayotoa itunzwe mpaka siku ya kurudi.

Askari wa jeshi au polisi aliye likizoni apate kwanza ruhusa ya maandishi kutoka kwa wakubwa wake. Wala asifunge mzigoni hata kipande kimoja cha sare, iwe kofia, mkanda au koti la mvua la kambini. Kitu kidogo namna hiyo kinaweza kuwafanya mume na mke walale kituoni wakijibu maswali.

HESABU YA UZITO

Kitabu cha pikipiki hutaja uzito wa juu unaoruhusiwa, na katika uzito huo dereva naye huhesabiwa. Mume wa kilo 75 na mke wa kilo 65 ni kilo 140 kabla ya mfuko wa kwanza kufungwa. Pikipiki nyingi ndogo zinazotumika kwa boda boda hukaribia kikomo chake hapo hapo. Kwa hiyo mizigo na iwe haba: nguo za kubadili, sweta mbili kwa ajili ya baridi ya Kabale, makoti mawili ya mvua, dawa na chakula kikavu. Vitu vizito vikae chini na karibu na viti. Vikitundikwa nyuma kabisa, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani hupoteza utii.

Tairi la nyuma liongezwe upepo kwa kadiri ya kitabu, springi za nyuma zikazwe, na mnyororo upimwe wawili wakiwa wamekaa, kwa maana uzito hubadili mkazo wake. Breki nazo zitahitaji nafasi ndefu zaidi. Mafuta pia huongezeka: pikipiki ikitumia lita moja kwa kilometa 35, safari ya kwenda peke yake itataka karibu lita 10. Fundi aombwe afunge plagi mpya, na wasafiri wachukue mpira wa ndani, pampu, waya wa klachi na spana zake.

Yapo mafundisho ya zamani juu ya jambo hili. Desemba 1934 wanawake wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki aina ya Panther, wakavuka Sahara na kufika Cape Town mwezi Julai 1935. Mizigo yao hawakuirundika mgongoni mwa mtu. Walifunga kigari cha ubavuni na tela la nyuma. Tena wote wawili walikuwa madereva hodari. Hapakuwa na aliyechukuliwa kama furushi.

AKAAYE NYUMA

Anayekaa nyuma huendesha pia, ingawa mikono yake haiko usukanini. Akiinama kinyume kwenye kona, pikipiki hutoka njiani. Yafaa ajifunze mambo machache: asipande wala kushuka kabla dereva hajamwambia, miguu ikae juu ya vikanyagio hata wakisimama, amshike dereva kiunoni, na kwenye kona aangalie juu ya bega lililo upande wa ndani, mwili nao utafuata wenyewe.

Desturi ya akina mama kukaa upande mmoja kwa sababu ya gomesi au kitenge haifai katika safari ndefu. Ncha ya kitambaa ikishikwa na mnyororo au spoku, humwangusha mtu kabla hajapiga ukelele. Suruali pana chini ya vazi, viatu vya kufunga na kofia ngumu iliyokazwa kidevuni ndiyo heshima ya barabarani. Kofia ni mbili, kwani sheria ya Uganda na ya Rwanda huzitaka kichwani mwa dereva na mwa abiria.

Jaribio lifanywe mapema. Jumamosi moja wawili wafunge mizigo yote kama ya safari, waende Kasese na kurudi. Maumivu ya mgongo, kamba iliyolegea na breki nzito vyote vitajulikana nyumbani, si katika milima ya Kabale.

NJIANI NA NG'AMBO

Kati ya Kikorongo na Katunguru barabara hupita ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Tembo na nyati huvuka wapendapo, kwa hiyo sehemu hiyo ipitwe mchana, kwa mwendo wa pole. Wakishavuka Katuna, wasafiri wakumbuke kwamba Rwanda huendeshwa upande wa kulia, na saa yake iko nyuma ya ya Uganda kwa saa moja. Hatari kubwa si pale mpakani ambapo kila mtu yu macho, bali asubuhi ya pili, mtu atokapo kwenye kituo cha petroli akiwa na mazoea yake. Hapo akaaye nyuma na atamke kwa sauti, "Kulia!"

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, basi vitu vifungwe kwa kitambaa. Na Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi. Asubuhi hiyo magari na pikipiki husimama. Mwenye haraka asiichague siku hiyo.

NENO LA KURUDI

Baada ya hati, mizigo na mafuta, hubaki jambo moja lisilonunuliwa dukani. Kabla ya kuondoka, wawili wapatane kwamba yeyote kati yao akisema "tusimame," pikipiki itasimama bila ubishi. Na akisema "turudi," watarudi bila lawama. Dereva huona barabara, lakini uchovu wake mwenyewe hauoni. Aliye nyuma huusikia katika mabega yake kabla yeye hajaukubali.

Ndugu wa Kigali watangoja siku moja zaidi bila kuchukia. Watoto walioachwa kwa bibi yao Kisinga wanawangoja wote wawili.